Anika, Anua

Busale, nyumbani
Alasiri, wewe ukiwa Ndandalo

Mwanangu Atupele,

Usishangae kuuona mwandiko wangu. Umezoea kuuona kwenye daftari la kikundi chetu cha kakao, ule wa kukimbizana, lakini leo nimekaa barazani, nimeiwekea kigae ile meza inayoyumba, na naandika polepole kama mtoto wa darasa la pili. Umekwenda kumuaga shangazi yako na umesema utarudi kabla giza halijaingia. Kwa hiyo muda wangu ni huu tu. Na unanijua: nikikosa muda nasema vibaya, nikipata muda mwingi nanyamaza.

Habari za sabuni, chandarua na dawa ya malaria mama yako ameshazimaliza. Amekufungia mchele wa kulisha chuo kizima. Nilipomwambia kwamba Tabora nao wanalima mpunga, akaniuliza, "Unanukia kama wetu?" Hapo hakuna anayemshinda. Kwa hiyo ukiona begi halifungi, usinitazame mimi.

Mimi nina jambo moja, nalo liko hapa mezani mbele yangu: fomu yako ya kujiunga na chuo cha ualimu huko Tabora. Najua ulidhani iko kwa shangazi yako, kwamba ameshatia sahihi pale palipoandikwa "Mzazi au Mlezi". Hakutia. Aliniletea Jumatano iliyopita wewe ukiwa mashineni unakoboa, akaiweka kwenye mapaja yangu, akasema, "Kaka, mtoto ameniomba mimi niwe mlezi wake, na likizo zote aje kwangu. Baba yake yupo, anakula, ananenepa. Hebu niambie kuna nini hapa." Tafadhali usimnunie. Shangazi yako hajawahi kufunga mdomo tangu utoto wetu, lakini safari hii mdomo wake umenisaidia.

Jibu lake ninalo leo. Lakini niache nianzie mbali kidogo, pale tulipokuwa marafiki.

Unakumbuka uliporudi shuleni unalia, darasa la kwanza, kamasi mpaka kidevuni? Mwalimu wenu, ambaye hakuwa mtu wa huku, alikuwa amewauliza maana za majina yenu. Ukasimama, ukasema kama nilivyokufundisha: "Ametupa." Mmoja wa nyuma akauliza, "Ametupa nini?" Mwingine akasema, "Kumbe uliokotwa!" Darasa zima likaangua kicheko. Ukafika nyumbani umeamua kwamba jina hilo hulitaki tena, tukuite Neema kama watu wengine.

Nilikuketisha juu ya gunia la kakao pale mlangoni. Nikakuambia kwamba kwa Kinyakyusa jina lako halina matata, kila mtu anajua ni Mungu aliyetupatia mtoto. Kiswahili ndicho kikorofi. Ametupa, yaani katupatia sisi zawadi. Ametupa, yaani kakitupa kitu jalalani. Neno lile lile, herufi zile zile, na maana zimepeana mgongo. Ukafuta kamasi kwa kiganja ukaniuliza, "Sasa baba, watu wanajuaje ni ipi?" Nikakujibu, "Wanamtazama anayesema." Nilijiona nimejibu vizuri kweli siku ile.

Mchezo wetu ulianzia hapo hapo. Nilitaka tu uache kulia, nikakwambia Kiswahili kina hila nyingine: ukichomeka "u" mahali pake, kazi yote inafumuka. Funga mlango, fungua. Ziba tundu, zibua. Kunja mkeka, kunjua. Ulishika haraka kuliko nilivyotegemea. Tukawa tunacheza kila mahali, mimi natupa neno, wewe unarudisha kinyume chake kabla sijafunga mdomo. Mama yako akiinjika chungu nasema "Injika!" nawe "Ipua!" naye anatukaripia kwamba maharage hata hayajachemka. Ukirudi na kuni kichwani nasema "Twika!" nawe "Tua!" na kuni zinaanguka chini puu. Kwenye kakao ndiyo usiseme. Kakao ni maneno mawili kutwa nzima: jua likitoka, anika, wingu likija, anua, na huku kwetu wingu halibishi hodi.

Mengine uliyabuni mwenyewe. Nilisema "Kula!" ukajibu "Kulua!" Nikauliza kulua ndiyo nini. "Kutapika, baba." Nilicheka mpaka nikashika nguzo. Siku nyingine nikakupa "Sema!" Ukajaribu "semua", ukaonja kidogo mdomoni, ukatikisa kichwa. "Hakuna, baba. Ukishasema, basi." Ulikuwa na miaka minane, tisa hivi. Mimi mtu mzima nilisikia neno lile, nikacheka, nikapita zangu.

Na asubuhi ulipokuwa ukienda shule, nilisimama hapa hapa nilipokaa sasa, nikapaza sauti, "Nenda!" Nawe ukiwa umeshafika kwenye migomba ulijibu bila kugeuka, "Rudi!" Majirani walituona wehu. Nadhani ndiyo ilikuwa sala yetu ya asubuhi, ingawa hatukuiita hivyo.

Sasa nije kwenye ile siku ya kakao. Nitaieleza kama ilivyokuwa, si kama nilivyokuwa nikiwaeleza watu.

Ulikuwa umemaliza kidato cha nne, unasubiri matokeo. Mama yako alikuwa msibani kwao. Kakao yetu ilikuwa imevundikwa vizuri ndani ya sanduku lake, iko juani siku ya nne, ukiichota inalia kavu. Mimi nikaenda mjini, pale Mbugani, kutafuta magunia. Niliyapata mapema, lakini nikakaa pale dukani, soda mkononi, nikiwahutubia watu jinsi kakao mbaya ya mtu mmoja inavyoharibu jina la kikundi kizima. Unakumbuka nilivyokuwa wakati ule. Mimi ndiye niliyekuwa nashika kisu cha kupimia kakao ghalani kwa kikundi. Gunia la mtu likija, mimi ndiye nachukua punje, nazikata, natazama ndani, nasema hii safi, hii ina ukungu, rudi nayo nyumbani. Wakaniita Mwenye Kisu. Watu wenye wajukuu walisimama wakingoja nitamke. Nisikufiche, mwanangu, nilipenda. Nilipenda mno.

Katikati ya hotuba nikaona upande wa ziwani pamekuwa peusi. Nikatoa simu nikakuandikia, maneno matatu, jicho moja kwenye batani na jicho jingine kwa wasikilizaji wangu. Dakika ile ile simu ikaisha chaji. Nikairudisha mfukoni nikaendelea kuongea.

Wewe ulikuwa umeshaliona wingu. Ulikuwa umeshaianua kakao yote kwa akili yako mwenyewe, umeiingiza ndani, umeifunika. Ndipo ujumbe wangu ukaingia kwenye kile kisimu cha kitochi alichokupa shangazi yako: "Anika kakao haraka."

Anika! Mimi, mwalimu wa vinyume, niliyekukalisha juu ya gunia nikakufundisha.

Ulinipigia mara nne, nimeambiwa. Haipatikani. Ukajisemea labda baba huko mjini kaona kitu, labda mnunuzi anakuja leo leo, na baba akisema amesema. Ukaitoa tena yote. Ukaitandaza. Kisha ukakimbilia shambani kufukuza ndege kwenye mpunga, kama nilivyokuwa nimekuagiza asubuhi. Mvua ikakukuta huko, na ulipofika nyumbani kakao ilikuwa inaogelea.

Niliporudi nilikukuta umelowa, unaichota kwa mikono. Sikuuliza. Nilifoka tu kwamba nilikwambia uanue, nawe ukanitazama, ukaendelea kuichota. Tuliianika tena siku kadhaa, nikajipa moyo kwamba itafaa. Siku ya kupima tukaipeleka ghalani. Kwa kuwa mtu hawezi kujikatia kakao yake, kisu akashika Baba Lusajo, ambaye mwezi uliotangulia nilimrudisha na magunia yake mbele ya mkewe. Akakata punje ya kwanza. Akakata ya pili. Akanipa niangalie. Ukungu mweupe, ndani kabisa. Watu wakaanza kukohoa, na kikohozi hicho unakijua.

Nilikutafuta kwa macho. Ulikuwa umesimama karibu na mizani, kanga ya mama yako begani. Ningeweza kusema ni mvua. Ningeweza kusema ni bahati mbaya, nani hajawahi kunyeshewa huku Kyela? Nikapaza sauti ili wa nje nao wasikie: "Huyu binti nilimwambia aanue, yeye akaanika! Umeniumbua, Atupele!"

Nawe ukasema taratibu, "Umba."

Neno moja, kinyume cha langu. Nikadhani unanifanyia mzaha, unaleta mchezo wetu wa utotoni mbele ya watu siku ninayoaibika. Damu ikanipanda. Nikasema, "Nenda zako! Mimi sina mtoto hapa."

Ukaenda. Nilikutazama mpaka ukakata kona, na masikio yangu, Mungu anisamehe, yalikuwa yanangoja lile jibu la kwenye migomba. Hukulitoa. Hujalitoa tena mpaka leo.

Haukuwa mzaha. Sasa najua. Ulikuwa unaniomba niumbe upya nilichokuwa nakivunja, na uliniomba kwa lugha ambayo pale ghalani tuliijua sisi wawili tu.

Ngoja. Mama yako anaita kutoka nyuma, kuna wingu.

Nimerudi. Tumeanua. Mama yako alisema "anua" nami nikamwuliza mara mbili, "Umesema nini?" Akanitazama kama nina homa. Mvua yenyewe imepita kando, lakini bora hivyo.

Niendelee. Siku ya tatu baada ya ile ya ghalani nilikuwa natafuta namba ya fundi kwenye simu, nikajikuta kwenye ujumbe uliotumwa. Nikausoma. Nikaenda ndani kuchukua miwani, nikausoma tena. Na unajua baba yako alifanya nini? Alitazama huku na huku kama mwizi wa kuku, akaufuta. Kisha nikachukua jembe nikaenda kupalilia migomba niliyokuwa nimeipalilia wiki iliyopita.

Nikiwa kule nilipanga maneno. Niliyapanga vizuri, mwanzo mpaka mwisho. Jioni ukaniletea maji ya kunawa, ukaniletea ugali na samaki, nami Kiswahili kikanikimbia. Nikaona heri lugha ya nyumbani. Nikasema, "Ndaga, mwanangu. Ndaga fijo." Ukajibu, "Haya, baba," ukachukua beseni ukaondoka.

Siku ile nililala vizuri. Nakwambia kweli, nililala kama mtu aliyetoka kuungama. Nilijua nimeomba msamaha na wewe umepokea.

Kumbe! Jumatano ile ile ya fomu shangazi yako ananiambia, "Mtoto anasema miaka mitatu hujampa hata pole." Niliruka. "Nilimwambia ndaga! Tena ndaga fijo!"

"Lini?"

"Alipoleta chakula."

Akaangua kile kicheko chake cha kupiga paja. "Kaka jamani! Mtu akikuletea ugali ukamwambia ndaga, atajuaje kama unamwomba radhi au unashukuru kwa ugali?"

Mwanangu, watu wetu wametupa neno moja la kushukuru na la kupeana pole. Ukipewa, ndaga. Mwenzako akiumia, ndaga, na ikizidi, ndaga fijo. Ni neno zuri na silisemi vibaya. Lakini mtu mwoga anaweza kuingia humo akajificha, na mimi nilijificha. Niliungoja wakati wenye sahani ili macho yangu yawe kwenye sahani. Wewe ukasikia asante ya ugali. Tangu hapo tukaishi nyumba moja, wewe unangoja neno ambalo mimi nina hakika nimeshalitoa, na mimi nashangaa mtoto gani huyu hasamehi.

Maana nilishangaa kweli, na nilikasirika pia. Siku moja ulikuwa unafunika mtungi, nikasema, "Ziba!" Ukajibu, "Ndiyo, baba." Ndiyo, baba! Salamu kwa wakati, chakula kwa wakati, goti chini, adabu tele. Ungenitukana ningejua pa kushika. Nikawaambia watu binti amekua, michezo imekwisha, nikawa nakwenda kuvundika kakao peke yangu na kuongea na sanduku. Nimekukosa, Atupele. Tumekula chungu kimoja miaka mitatu na nimekukosa kila siku.

Shangazi yako hakuishia hapo. Aliniambia kwamba siku ile ulipotoka ghalani ulikwenda kwa miguu mpaka kwake, ukamwonyesha ule ujumbe. Alitaka kuja nao saa ile ile anivue nguo mbele ya kikundi, unamjua alivyo. Ukamshika mkono. Ukamwambia, "Acha, shangazi. Watamcheka baba, hawatamwamini tena na kisu chake."

Kwa hiyo pale ghalani, nilipokuwa nakufokea, simu ilikuwa na wewe. Ungeitoa tu. Usingehitaji hata kusema neno. Ulikuwa na "fichua" mkononi ukachagua "ficha", kwa ajili ya mtu aliyekuwa anasema hana mtoto. Niliposikia hayo nililia mbele ya dada yangu, na safari hii yeye ndiye aliyenyamaza.

Jumamosi ilikuwa siku ya kupima. Huenda umeshasikia, njia nzima inaongea, na kama umeyasikia kwa watu kabla yangu, basi hata hapo nimechelewa. Nilisimama kabla gunia la kwanza halijafunguliwa, nikawaambia: mnaikumbuka kakao yangu ya ukungu miaka mitatu iliyopita, mnakumbuka nilivyomsema binti yangu hapa hapa. Aliyeilowesha ni mimi. Nilitaka kuandika anua, nikaandika anika. Yeye alitii.

Baba Lusajo akasema, "Mwenye Kisu! Umeturudisha nyumbani sisi wote na magunia yetu, kumbe hata anika na anua hujui!" Wakacheka, nami nikacheka nao, maana ilikuwa haki yao. Kisha mama mmoja wa nyuma akauliza, "Na binti alikuwa anajua?" Nikasema alikuwa anajua, na ujumbe anao mpaka leo. Hapo hakuna aliyecheka. Niliweka kisu mezani, wakampa Baba Lusajo. Gunia la kwanza alilokata lilikuwa langu, akalirudisha, akasema halijakauka sawasawa. Nami nilipolipiga jicho nikaona ni kweli, lilikuwa halijakauka.

Nilidhani siku nitakayopoteza kisu kile nitakufa. Nilirudi nyumbani, nikala, nikalala. Hiki ndicho kitu nilichokuwa nakilinda, nikakutoa wewe kwa ajili yake. Ukiwaza jambo hilo linachekesha na linatia uchungu kwa pamoja.

Sasa unakwenda kuwa mwalimu. Utapewa chaki, na chaki ni jamaa wa kile kisu. Watoto sitini watangoja utamke. Iko siku utakosea ubaoni, na mtoto mmoja wa nyuma atakuwa ameona. Mimi sijui wengine hufanya nini. Najua tu kwamba kosa langu lingeisha siku ya tatu, kwa sentensi moja, pale kwenye migomba. Nililibeba kwa sababu niliona sentensi ile ni nzito kuliko kosa. Haikuwa nzito. Nimeisema Jumamosi kwa pumzi moja.

Kwa hiyo niiseme na kwako. Naisema kwa Kiswahili, ambacho kwetu si lugha ya jikoni, lakini kina maneno mawili na hakinipi pa kujificha. La kwanza: nisamehe. Nilikosea mimi, nikakusingizia wewe, nikaja nikajua, nikanyamaza. Pole kwa siku ile na pole kwa miaka mitatu yote. La pili, na lisichanganyike na la kwanza: asante. Asante kwa kunisitiri nilipokuwa sistahili.

Nimejaribu "samehe" kwenye mchezo wetu, nayo haina "u" yake, kama "sema". Nadhani ni kwa sababu ukishaitoa hairudi. Kwa hiyo usiitoe haraka kwa kunionea huruma eti baba amezeeka. Itoe ikiwa tayari. Mimi nilikuchelewesha miaka mitatu, siwezi kukuharakisha kwa siku moja.

Fomu iko humu humu ndani ya bahasha. Pale pa mzazi sijaandika kitu. Nilishika kalamu mara mbili, nikaona nikisaini nitakuwa nimekuamulia tena mambo. Ukitaka jina la shangazi yako, mpelekee, nimemwambia asikatae. Likizo zako utakwenda kwake, na mchele wetu utakufuata huko huko, mama yako atahakikisha. Ukitaka langu, nipe fomu kesho asubuhi pale stendi, nitaisaini hata juu ya begi la mchele.

Na huko Tabora watakuuliza maana ya jina lako. Waambie: Ametupa. Wakicheka, wache wacheke. Uliniuliza watu wanajuaje ni ipi, nikajibu kwa maringo kwamba wanamtazama anayesema. Siku ile ghalani walinitazama mimi, na yeyote aliyekuwepo angeapa kwamba ni ile ya jalalani. Mimi ndiye niliyeligeuza jina lako. Sasa nakuambia nikiwa na akili zangu timamu, bila sahani mbele yangu: Mungu ametupa wewe, mimi na mama yako, na sijui tulifanya nini hata tukastahili. Nakupenda, mwanangu. Tazama, nimeandika, na kalamu haijavunjika.

Nakuona unakuja. Uko kwenye migomba ya jirani, una mkungu wa ndizi kichwani, bila shaka shangazi yako anadhani Tabora hakuna ndizi pia. Naikunja barua hii, nitaiweka juu ya begi lako. Ikunjue leo, usingoje basi.

Kesho dereva akiwasha gari, nitasimama upande wa dirisha lako na kusema lile neno nililozoea kusema hapa barazani, lile ambalo siku moja nililisema vibaya. Nitasema, "Nenda." Si lazima unijibu. Lakini nitabaki pale mpaka basi likate kona, nikisikiliza.

Baba yako